Kwani mimi kichaa?

Dada Muuguzi, nina kilo 128 na kisukari. Kabla ya kupasuliwa ili nipunguzwe tumbo la chakula, daktari kanipeleka kwa mwanasaikolojia, tena ananinyima ugali wiki 2. Mume wangu naye analalamika nakoroma. Kwani mimi kichaa? – Mama Z., Tanga

Hapana, mama. Mwanasaikolojia anataka kujua kama unakula kwa hasira au upweke. Kisu hakikati hayo. Mlo ule usio na ugali unapunguza mafuta kwenye ini, maana ini kubwa hulifunika tumbo na daktari anapasua kwa kupitia vitundu vidogo. Dawa za sukari usizikate mwenyewe, lakini uliza dozi: ukila kidogo, ile ya zamani itashusha sukari mno na kukuangusha. Kukoroma ndiko kunakonitisha kuliko kilo zako. Pumzi ikikatika usingizini, mtaalamu wa nusukaputi, anayekulaza wakati wa upasuaji, ajue mapema.