Kaunta buku linalozunguka

Mwalimu mwenzangu, ukiwaambia kidato cha pili waandike "My School", jiandae kusoma insha 40 zenye sentensi ya kwanza ile ile. Mimi nimezisahihisha miaka mingi hapa Mwanza, katika shule ya kata isiyo mbali na ziwa. Wanazikariri, na siwalaumu. Msomaji ni mimi peke yangu, na shule yenyewe naijua.

Basi nikawatafutia msomaji mwingine. Nilinunua kaunta buku moja kwa kila kundi la wanafunzi tisa. Leo mmoja analibeba nyumbani, anaandika kwa Kiingereza jambo analolijua. Kesho mwenzake anasoma na kuandika chini swali moja ambalo kweli anataka lijibiwe. Mwandishi lazima ajibu. Kalamu yangu haigusi ukurasa mpaka hapo.

Kijana mmoja anayeishi na mjomba wake mvuvi, kule Igombe, aliandika mistari sita kuhusu dagaa. Makosa yalikuwepo ya kutosha. Alisema mbalamwezi ikiwa kubwa, mjomba hulala nyumbani. Msichana wa Buhongwa ambaye hajawahi kupanda mtumbwi akauliza: kwa nini? Ikabidi aeleze kwamba dagaa hufuata taa, na mwezi uking'aa taa haiwavuti vizuri, ndiyo maana kazi hufanywa siku za giza. Siku hiyo alizihitaji "because", "when" na "so", ambazo nilikuwa nimezifundisha ubaoni wiki mbili zisiingie. Jibu lilijaza ukurasa. Mwingine akauliza mbona dagaa wa kwao wana mchanga, na mjadala wa kuanika chini au kwenye vichanja ukaanza. Hapo mimi nilikaa kimya, na nakushauri nawe ukae kimya.

Kusahihisha ndiko kulikonishinda mwanzoni. Nilikuwa namwaga wino mwekundu mpaka mtoto anakunja ukurasa wake asiuone. Siku hizi nachagua kosa moja la wiki, mengine nayaacha yapite. Anza na yanayotoka kwenye Kiswahili chetu. "Yeye" ni wa kike na wa kiume, kwa hiyo mama anakuwa "he" kuanzia juu mpaka chini. "Nasikia njaa" inageuka "I hear hunger". Sisi tunasema "amefika jana" bila shida yoyote. Kiingereza kinakataa "has arrived yesterday". Mweleze mtoto kosa lake limetoka wapi, asidhani ni mjinga. Kwa waliokulia kwenye Kisukuma kuna r na l pia. Mmoja aliandika kwamba sikukuu walikula "lice", yaani chawa badala ya wali. Tulicheka naye, halafu tukaendelea na kosa letu la wiki.

Kuna jambo nililikosea mimi. Binti mmoja aliandika habari za deni la nyumbani kwao, na kaunta buku likapita mikononi mwa kundi zima kabla sijalisoma. Siku mbili hakuja shule. Ningewaeleza mapema, lakini sikuwaza. Sasa anayetaka ukurasa wake usizunguke anaubana kwa pini, nausoma mimi tu, na swali nauliza mimi.

Utaambiwa utumie simu. Shuleni kwetu wanafunzi hawaruhusiwi kuja nazo, na kusema kweli sijaona tulichokosa.

Juzi kundi moja lilinijia na ugomvi: furu kwa Kiingereza ni nani? Kamusi waliyokuwa nayo haikusaidia. Niliwaambia waandike "furu" hivyo hivyo, kisha wamweleze mtu ambaye hajawahi kuliona ziwa ni samaki wa namna gani, kwa sentensi mbili. Walitumia tisa, na bado wanabishana kuhusu rangi.