Je, masomo ya ng'ambo yatahesabiwa nikirudi?

SWALI: Shikamoo. Nasoma uchumi, mwaka wa pili. Kitivo kimenichagua kwenda Ulaya muhula mmoja kupitia Erasmus+, mpango wa Umoja wa Ulaya wa kubadilishana wanafunzi. Wenzangu wanasema nitarudia mwaka kwa kuwa masomo ya huko hayatambuliwi. Niende?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nenda, ila usipande ndege kabla mkataba wa masomo haujasainiwa na wewe, chuo chako na chuo kinachokupokea. Humo huandikwa kila somo la kule na litafidia lipi la huku. Muhula kamili ni krediti 30 za ECTS, mfumo wa Ulaya wa kupima uzito wa masomo. Krediti moja ni saa 25 hadi 30 za kazi, kujisomea kukiwemo.

Nimeratibu wanafunzi kama wewe miaka mingi, na ekonometria, yaani takwimu za kupima mambo ya uchumi, ndiyo husumbua zaidi. Jina moja, lakini huku mwaweza kuishia regresheni sahili (kupima jinsi kitu kimoja kinavyohusiana na kingine) na kule wakaanzia data za paneli (za watu au nchi zilezile kwa vipindi kadhaa). Mpelekee mhadhiri wako muhtasari wa somo wiki kwa wiki. Jina pekee halimwambii kitu. Somo likifutwa baada ya kufika, na hutokea sana, omba mabadiliko kwa maandishi hima.

Ada ya kule hutatozwa. Ya chuo chako yaweza kuendelea, kwa hiyo ulizia mapema.