Kabla Hujampa Mtoto Jina, Muulize Aliyekupa Lako

Naitwa Tabu, na kwa miaka mingi nililionea haya jina hilo. Shuleni nilikaa na kina Neema, Baraka na Furaha, nikawa najiuliza watu wa kwetu walinitakia nini. Nilipojifungua mtoto wa kwanza ndipo nikathubutu kumuuliza bibi, maana yeye ndiye aliyenipa. Akaniambia mama alishikwa na uchungu siku mbili, na wanawake waliokuwa naye walishakata tamaa. "Nilikuita Tabu ili asiyekuwapo ajue ulikujaje." Kumbe siku zote nilitembea na ushahidi nikidhani ni laana.

Tangu hapo ndugu na marafiki wanaotafuta jina la mtoto hunijia. Nawaambia hivi: ukikuta orodha ya majina na maana zake, usiishie hapo. Tafuta kwanza jina limetoka lugha gani na limeundwa vipi. Chukua Abdallah. "Abd" kwa Kiarabu ni mja, hivyo Abdallah ni mja wa Mwenyezi Mungu, na Abdulrahman ni mja wa Mwingi wa Rehema. Ukimwita mtu "Abdul" tu, umesema "mja wa" ukakatisha. Sasa mtazame nabii Obadia wa kwenye Biblia. Jina lake ni la Kiebrania, mzizi ni uleule, na maana yake ni mtumishi wa Yehova. Lugha hizi mbili ni ndugu, na majina yake yanafanana kama watoto wa mama mkubwa na mama mdogo.

Jambo hili liliwahi kunisaidia kusuluhisha mke na mume wa dini mbili waliokuwa wakivutana juu ya jina. Niliwakumbusha kwamba Yohana Mbatizaji wa Wakristo ndiye Nabii Yahya wa Waislamu. Kisha nikawatajia Mathayo, ambalo kwa Kiebrania ni zawadi ya Yehova, Theodori la Kigiriki, zawadi ya Mungu, na Hibatullah la Kiarabu, lenye maana hiyohiyo. Wakatazamana. Mtoto wao anaitwa Zawadi.

Pia usidhani kila jina ni dua au utabiri wa tabia. Mengine yanasema tu ulifika lini. Kwa Waakan wa Ghana, mwanamume aliyezaliwa Ijumaa ni Kofi. Kofi Annan alizaliwa Ijumaa, tarehe 8 Aprili 1938. Juma wetu naye ni wa siku hiyohiyo. Otieno wa Waluo amezaliwa usiku. Ila lililonigusa kuliko yote ni la mapacha wa Wayoruba wa Nigeria. Anayetoka kwanza ni Taiwo, anayefuata ni Kehinde, lakini Kehinde ndiye huhesabiwa mkubwa: inasemwa yeye ndiye aliyemtuma mwenzake atangulie kuuonja ulimwengu, kisha akamfuata. Orodha ikikuandikia "pacha wa kwanza" ikanyamaza, imekunyima utamu wote.

Tena maneno hubadilika yakisafiri. Neno malaika kwa Kiarabu hutaja wengi. Kwetu ni mmoja. Kwa hiyo sikiliza pia wale wanaolitumia jina leo, si asili yake peke yake.

Na ukishachagua, andika. Hili nalisisitiza kwa uchungu, kwa sababu jina la babu mzaa baba hakuna anayejua lilitokana na nini. Tulipoanza kuuliza, wote waliojua walikuwa wameshazikwa. Wanangu watatu nimewatengea kila mmoja ukurasa wake kwenye daftari: nani alitoa jina, siku gani, kwa nini. Wa mwisho amechukua jina la bibi. Ukurasa wake ndio mrefu kuliko yote, kwa kuwa bibi alikuwa hai bado, akanisimulia mwenyewe huku nikiandika.