Usiishie kwenye neno "umekosa"

Ukiendesha Dungeons & Dragons, mchezo wa kusimulia hadithi mezani ambao kila mchezaji ana shujaa wake na msimamizi huwaendesha maadui, upende usipende, mapigano yako yatajaa mapigo yasiyompata mtu. Chukua mhusika mwenye nyongeza ya 5 anayemkabili adui mwenye kiwango cha ulinzi cha 16. Ili dadu na nyongeza vifikie 16, dadu ya pande 20 lazima impe 11 au zaidi, kwa hiyo nusu ya mapigo yake yanakwenda hewani. Mezani kuna wachezaji watano, na maadui nao wana zamu zao. Mtu anasubiri robo saa nzima afikiwe, anarusha dadu, anaambiwa "umekosa", na zamu inahamia kwa jirani. Nimewaona wachezaji wazuri wakichukua simu zao dakika hiyo hiyo, na ninawaelewa. Walichofanya hakikuacha alama yoyote kwenye hadithi.

Nimekaa upande wa msimamizi muda mrefu, na kwa kila anayeanza kuendesha meza husisitiza jambo moja: sema ni nani au ni nini kilichozuia pigo. Msikilize mtangazaji wa mpira redioni. Haishii kusema bao halikupatikana. Atakwambia kipa kapangua, mpira umegonga mwamba, beki kauondoa mstarini, na wewe uliye mbali na uwanja unajua kwamba mshambuliaji ni hatari na kipa yuko macho. Pigo lililokosa linaweza kumkuza adui huku likimwachia shujaa heshima yake. Ukilisimulia kana kwamba shujaa kajikwaa au kapiga ovyo, unamwonea mtu aliyemjenga mhusika wake awe mpiganaji hodari.

Uzuri ni kwamba namba zenyewe zinakueleza kilichotokea. Tuseme nahodha wa maharamia ana ulinzi wa 17. Ameupataje? Anaanza na 10 kama watu wengine. Wepesi wake wa mwili unaongeza 3, ngao 2, na deraya ya ngozi iliyopigwa njumu 2. Mimi huziandika kwa mfuatano huo kwenye karatasi yangu kabla hatujaanza kucheza. Jumla ya mchezaji ikiwa chini ya 10, pigo limepotea lenyewe: meli imeyumba, moshi umeingia machoni. Ikiwa 10 hadi 12, nahodha amekwepa. Ikiwa 13 au 14, ngao imelipokea. Ikiwa 15 au 16, upanga umemfikia mwilini lakini deraya imeuzuia. Mchezaji akitaja 14, sina haja ya kuwaza: "Upanga unatua katikati ya ngao, ubao unapasuka, naye anarudi nyuma hadi mgongo unagusa mlingoti."

Maneno hayo hayachukui hata sekunde kumi. Lakini sasa meza nzima inajua kwamba nahodha ana ngao yenye ufa na hana pa kurudi. Na baada ya muda wachezaji huanza kuusoma mfuatano huo wenyewe. Wakisikia deraya ndiyo iliyozuia, wanajua wamekaribia, bila wewe kuwatajia namba ya adui.

Huo ufa na huo mlingoti ndivyo vyenye thamani kuliko maneno mazuri. Simulizi tamu isiyobadilisha kitu huchosha upesi. Kufika pigano la tatu watu hawaisikilizi tena. Pigo lililokosa liache kitu ambacho mwenzako anaweza kukishika. Mshale uliompita joka umekata kamba inayoning'iniza taa. Mkuki uliogonga magamba ukateleza umeonyesha kwamba chini ya bawa la kushoto ngozi ni laini. Mchezaji anayefuata akisema, "Nalenga hapo hapo chini ya bawa," mruhusu arushe dadu mbili achukue iliyo kubwa, mara hiyo moja tu. Likimpata joka, utamwona yule aliyekosa akishangilia kuliko aliyepiga. Kwangu mimi hakuna dakika tamu kuliko hiyo katika mchezo mzima.

Wabunifu wa michezo nao wamelihangaikia suala hili. Katika 13th Age, uliotoka 2013, mashujaa wengi wakikosa pigo la kawaida la silaha bado wanampunguzia adui uhai sawa na ngazi yao (namba inayoonyesha uzoefu wa shujaa), na kuanzia raundi ya pili nyongeza yao hupanda kwa 1 kila raundi hadi kufikia 6. Kanuni za Dungeons & Dragons za 2024 zinampa mpiganaji aliyebobea katika upanga mkubwa wa mikono miwili uwezo wa kumjeruhi adui kidogo hata akikosa. Apocalypse World ya 2010 ilipita njia nyingine kabisa: unarusha dadu mbili za pande sita, na ukipata 6 au chini, msimamizi ana ruhusa ya kuleta balaa jipya. Mimi naazima moyo wa huo wa mwisho, kwa kiasi. Si kila kukosa kulete balaa, ila kila kukosa kuisogeze hali.

Kanuni moja naipinga kabisa, nayo ni ile ya kujitungia nyumbani kwamba ukipata 1, silaha inakudondoka au unamkata mwenzako. Kitabu cha kanuni kinasema 1 ni kukosa, basi. Mpiganaji wa ngazi ya 20 hupiga mara nne katika zamu moja, na uwezekano wa angalau dadu moja kati ya hizo nne kuangukia 1 ni zaidi ya asilimia 18. Maana yake, bingwa wa mabingwa atadondosha upanga karibu katika kila zamu ya tano, huku mwanagenzi anayepiga mara moja tu akiudondosha katika zamu moja kati ya ishirini. Hiyo ni kuwaadhibu watu kwa kuwa hodari.

Wala usisimulie kila pigo. Goblini (vijizimwi vidogo) wawili wanyonge mlangoni wanatosha na "amekwepa, nani anafuata?" Weka nguvu zako kwa maadui wenye majina na kwenye zamu ambazo mchezaji alikuwa na matumaini makubwa.

Adui akikosa, mimi sisimulii kabisa. Namgeukia aliyeshambuliwa na kumuuliza, "Umemzuiaje?" Mchezaji wetu mmoja mkimya, mwenye mhusika mchawi, aliwahi kujibu kwamba aliinua kitabu chake cha uganga na mshale ukazama ndani yake. Nikamuuliza umetoboa ukurasa gani. Akafikiri, akataja uganga wa moto, na wenzake wakaanza kubishana kama sasa utafanya kazi au utalipuka. Anayekosa la kusema mwachie apite bila kumsukuma. Akisikia wenzake wakijibu raundi mbili tatu, kwa kawaida naye hupata la kwake.