Ndege za vita zikistaafu: maswali yenu na majibu

Baada ya ile makala ya ndege za zamani za vita barua zimekuja nyingi kweli. Nimechukua nne.

SWALI: Mhariri shikamoo. Nimeona picha za Marekani, ndege za jeshi mamia kwa mamia zimeegeshwa jangwani juani. Sasa kama zinakaa hivyo miaka yote, kwa nini makumbusho yanahangaika kujenga mabanda ya mamilioni? Ndege si chombo cha kukaa nje? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Marahaba. Hapo ni kambi ya Davis-Monthan, Tucson, jimbo la Arizona, na hawakupachagua kwa bahati, mvua kule ni kidogo mno, hewa kavu, ardhi ngumu kiasi kwamba ndege nzito inaegeshwa bila lami. Na bado wanaziba matundu na kupaka rangi nyeupe ya kupunguza joto ndani, halafu nyingi zinangojea kutolewa vipuri au kukatwakatwa, sio kutunzwa milele.

Ichukue ndege hiyohiyo uiweke mji wenye mvua uone. Wewe wa Tanga unajua bati la karibu na bahari linavyoisha. Bodi ya ndege ni alumini, na alumini haipati kutu nyekundu, inaota unga mweupe inaliwa polepole, na pale boliti ya chuma inapogusana nayo maji yakaingia katikati ndo inaliwa haraka zaidi, na kwa nje rangi bado inang'aa.

Mfano mzuri ni Memphis Belle, ile ndege ya mabomu ya Marekani aina ya B-17 ambayo wanajeshi wake walimaliza safari 25 za kupiga mabomu Ulaya tarehe 17 Mei 1943, wakati wenzao wengi walikuwa hawafikishi idadi hiyo. Vita ilipoisha ilikuwa inasubiri kuwa chuma chakavu, mji wa Memphis ukainunua mwaka 1946 kwa dola 350 tu! Walifanya jambo la maana sana, ila wakaiweka nje, na watu wakaingia wakang'oa karibu kila kitu cha ndani kupeleka nyumbani kama kumbukumbu. Mwaka 1987 ikapata paa lakini pembeni palikuwa wazi. Mwisho mwaka 2005 ikahamishiwa makumbusho ya jeshi la anga kule Dayton, Ohio, mafundi wakaanza kuirudisha kipande kwa kipande, na wakaionesha kwa watu tarehe 17 Mei 2018, miaka 75 kamili tangu ile safari ya 25. Yaani kazi ya miaka zaidi ya kumi kurekebisha kilichoharibika kwa kukosa banda. Kwangu mimi banda linakuja kwanza, ndege baadaye, na mji usio na hela ya paa usiombe ndege.

SWALI: Habari za kazi. Ipi bora, ndege ya zamani irushwe watu waisikie injini, au isimame tu ndani kama sanamu? (Msomaji, Nairobi)

JIBU: Nzuri, karibu. Kusikia injini nne za Lancaster, ndege ya mabomu ya Waingereza ya Vita ya Pili ya Dunia, zikipita juu yako ni kitu kingine kabisa, siwezi kukataa. Zilitengenezwa 7,377 na leo zinazoruka zimebaki mbili, moja Uingereza moja Kanada. Ila angalia na upande wa pili, Oktoba 2019 B-17 ilianguka Connecticut wakafa watu 7, Novemba 2022 ndege mbili za zamani zikagongana kwenye maonesho Dallas wakafa 6. Roho za watu zimepotea, na ndege hizo hazirudi tena.

Halafu kuna suala la ujuzi. Vulcan XH558, ndege ya mabomu ya Uingereza, ilirudishwa hewani mwaka 2007 kwa michango ya wananchi na pesa za bahati nasibu ya taifa, ikaruka mara ya mwisho Oktoba 2015. Haikuvunjika, ila kampuni zilizokuwa zinaisimamia kitaalamu zilisema haziwezi kuendelea, ndege imezeeka na wanaoijua vizuri wamebaki wachache. Kwa hiyo mimi nasema zikiwepo kadhaa acha moja mbili ziruke, ikibaki moja tu duniani isiguse anga, na wazee wanaoijua wafundishe vijana sasa hivi.

SWALI: Mwanangu anataka akaketi kwenye kiti cha rubani makumbusho, kuna hatari? (Mama wa watoto watatu, Dodoma)

JIBU: Mama, akae bila wasiwasi pale wanaporuhusu, maana baruti ya kile kiti kinachomrusha rubani nje huwa imeshatolewa. Zile saa za vipimo mbele ya rubani za zamani zinazong'aa gizani, nyingi zilipakwa radiamu, kitu chenye mionzi ya hatari, makumbusho makini wanazipima na kuzidhibiti, ila asichokonoe kitu.

SWALI: Mimi sielewi kwa nini tutunze chombo kilichoua watu. Si bora kiyeyushwe kitengenezwe masufuria? (Msomaji, Bujumbura)

JIBU: Nakuelewa kabisa ndugu yangu. Baada ya vita walifanya hivyohivyo, ndege za mabomu za Waingereza aina ya Short Stirling zilitengenezwa zaidi ya 2,300 na leo hakuna hata moja nzima, kwa hiyo mtoto wa kijana aliyefia ndani yake hana pa kwenda kuiona ile sehemu finyu baba yake alipokaa.

Lakini kutunza peke yake hakutoshi. Enola Gay, ndege ya Marekani iliyodondosha bomu la atomiki Hiroshima, Japani, tarehe 6 Agosti 1945, nayo iliachwa nje miaka, kisha ikatengenezwa kwa kazi ya saa kama 300,000, na tangu 2003 inaonekana nzima kwenye makumbusho karibu na Washington. Bango waliloweka lilieleza zaidi ufundi wa ndege, waathirika wakalalamika kuwa hawakutajwa, na mimi nipo upande wao. Inakadiriwa watu kama 140,000 walikuwa wamekufa Hiroshima kufikia mwisho wa mwaka ule, na idadi hiyo ilitakiwa iandikwe palepale kwenye bango, kwa herufi kubwa kama za jina la ndege.