Bendi ya roki kwenye maonyesho: msimame wapi na mtoto?

Mmeuliza msimame wapi na mtoto wenu wa miaka 6, kwa kuwa mwaka jana hamkusikia maneno ya mwimbaji. Poleni. Safari hii msibanane mbele ya jukwaa. Pale sauti ya spika kuu inawapita pembeni, kwa hiyo mnapigwa na ngoma na amplifaya za magitaa tu. Tafuteni meza ya fundi mitambo, msimame karibu nayo. Yeye husawazisha sauti kwa anachokisikia hapohapo.

Huyo wa miaka 6 avae vifunika masikio vya kuzuia kelele, vibane vizuri. Pamba haisaidii! Kwenye desibeli 100 (kipimo cha ukubwa wa sauti), hata mtu mzima kazini hashauriwi kuzidisha dakika 15 bila kinga. Masikio yakiendelea kuvuma kesho yake, mwoneni daktari.