Maswali na Majibu: Mashine Pepe Zinapogoma Baada ya Kupandisha Mfumo

Barua nyingi safari hii zinatoka kwa watu waliopandisha toleo la mfumo endeshi, kisha wakakuta mashine pepe (kompyuta zinazoendeshwa kwa programu ndani ya kompyuta halisi) haziwaki. Kinachotusikitisha ni wale waliokwisha kufuta mashine zao na kuunda nyingine kabla ya kutuandikia. Kwa kawaida diski ya mashine haiguswi kabisa na upandishaji. Kinachokatika ni kiungo kati ya programu na diski hiyo.

SWALI: Nimepandisha Ubuntu. Nikifungua virt-manager, inasema haijaunganishwa na orodha iko tupu. Nilikuwa na mashine nne. Zimefutika?

JIBU: Karibu kwa hakika zipo. Virt-manager ni dirisha tu. Anayezitunza mashine ni libvirt, na anayeziendesha ni QEMU akisaidiwa na KVM iliyo ndani ya kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi. Kwa hiyo liache dirisha, fungua terminali uulize moja kwa moja:

sudo virsh -c qemu:///system list --all

Zikitokea zote nne, shida ni ruhusa; ukijibiwa kwa kosa, shida ni muunganisho. Rudia amri hiyo bila sudo na usome maneno ya mwisho ya ujumbe, maana hapo ndipo njia inapogawanyika.

Ukiona "Permission denied", akaunti yako haimo kwenye kundi la libvirt. Andika sudo usermod -aG libvirt $USER, kisha toka kwenye akaunti na uingie tena. Kufunga terminali na kuifungua hakutoshi, kwa sababu makundi husomwa wakati wa kuingia. Amri ya id itakuonyesha kama kundi limeshika.

Ukiona "No such file or directory", soketi ya huduma, yaani mlango ambao programu hupitia kuifikia, haipo. Hapa wengi hupotea: wanaangalia libvirtd.service, wanakuta imeandikwa inactive, wanadhani imeharibika. Huduma hiyo imepangwa kujizima yenyewe baada ya sekunde 120 ikikosa kazi, na soketi huiamsha inapohitajika. Cha kukagua ni libvirtd.socket:

sudo systemctl enable --now libvirtd.socket

Kwa watumiaji wa Fedora, tangu toleo la 35 huduma hiyo moja imegawanywa kuwa kadhaa, kwa hiyo soketi za kuwasha ni virtqemud.socket, virtnetworkd.socket na virtstoraged.socket. Usiwashe mtindo wa zamani na mpya kwa pamoja. Hugombania kazi ileile.

Muunganisho ukikubali na orodha ikabaki tupu, huenda mashine ziliundwa upande wa mtumiaji, yaani qemu:///session, na wewe unatazama upande wa mfumo. GNOME Boxes hutumia upande wa mtumiaji. Diski za mfumo hukaa /var/lib/libvirt/images na maelezo ya mashine /etc/libvirt/qemu. Za mtumiaji zimo ~/.local/share/libvirt/images na ~/.config/libvirt/qemu. Ukikuta faili la XML lipo lakini mashine haionekani, virsh define ikifuatiwa na njia ya faili hilo itairudisha kwenye orodha.

SWALI: Mashine yangu ya zamani inaonekana, lakini nikiiwasha naambiwa QEMU haiungi mkono "machine type 'pc-i440fx-1.4'". Nifanyeje?

JIBU: Kila mashine hubeba jina la aina ya ubao-mama iliyoundwa nao, na QEMU huondoa aina zilizozeeka. Hifadhi kwanza nakala ya maelezo kwa virsh dumpxml jina > jina.xml, halafu fungua virsh edit jina. Tafuta mstari wenye machine= na uandike 'pc' peke yake; libvirt itaweka toleo jipya kabisa la ubao huohuo.

Usikimbilie q35 kwa kuwa ni ya kisasa. Huo ni ubao mwingine: hauna IDE, njia ya zamani ya kuunganisha diski, na mpangilio wa PCI hubadilika, kwa hiyo mfumo ulio ndani unaweza kushindwa kuiona diski yake. Windows ikiwa ndani, inaweza kudai uanzishwe upya uhalali wake, kwa kuwa imeona maunzi mapya.

Kama mashine ilihifadhiwa ikiwa hai badala ya kuzimwa, hali hiyo inaweza kukataa kurejeshwa na QEMU mpya. Itupe kwa virsh managedsave-remove jina. Yaliyokuwa kwenye RAM yatapotea, kama umeme umekatika ghafla, ila diski itabaki. Ndiyo maana tunasisitiza: kabla ya kupandisha mfumo, zima mashine kabisa, usizihifadhi tu.

SWALI: Baada ya kuingia Fedora 41, mashine zinapata anwani ya 192.168.122 lakini hazifiki intaneti. Kompyuta mwenyeji (ile inayobeba mashine pepe) ina Docker, programu ya kuendesha kontena, na intaneti yake ni nzima.

JIBU: Umetaja Docker, na hapo ndipo penye jibu. Hakikisha kwanza: ndani ya mashine, ping 192.168.122.1 ijibu, na ping 1.1.1.1 isijibu. Kisha kwenye mwenyeji andika sudo iptables -S FORWARD. Mstari wa kwanza ukiwa -P FORWARD DROP, umemkamata mhusika.

Docker huweka kanuni ya kuzuia kila pakiti inayopita ambayo haijaruhusiwa. Zamani libvirt iliandika ruhusa zake kwenye jedwali lilelile la iptables, kifaa cha ukuta-moto cha Linux, basi pakiti za mashine zilipita. Tangu toleo la 10.4.0 libvirt inaweza kuandika kanuni zake kwa nftables, mrithi wa iptables, kwenye jedwali lake pekee, na Fedora 41 ndiyo iliyofanya njia hiyo kuwa ya kawaida. Ruhusa iliyotolewa kwenye jedwali moja haifuti katazo la jedwali lingine: pakiti hukubaliwa huku, kisha hutupwa kule.

Tiba tunayoipendelea ni kufungua /etc/libvirt/network.conf na kuweka:

firewall_backend = "iptables"

Kisha sudo systemctl restart virtnetworkd. Mtandao wa default ukiwa umezima, uwashe kwa sudo virsh net-start default, na sudo virsh net-autostart default ili uwake wenyewe siku zote. Wapo wanaoongeza ruhusa za virbr0, yaani daraja la mtandao wa mashine, kwenye mnyororo wa kanuni uitwao DOCKER-USER. Inafanya kazi, ila kanuni hizo hupotea kompyuta ikizimwa, na utajikuta ukilitafuta tatizo hilihili tena.

SWALI: VirtualBox imegoma baada ya kerneli mpya. Kompyuta moja inatoa rc=-1908, nyingine VERR_VMX_IN_VMX_ROOT_MODE. Ni ugonjwa mmoja?

JIBU: Ni magonjwa mawili.

Hiyo -1908 maana yake moduli ya vboxdrv, kipande ambacho VirtualBox huongeza kwenye kerneli, haijapakiwa. Lazima ijengwe upya kwa kila kerneli:

sudo apt install dkms linux-headers-$(uname -r)
sudo /sbin/vboxconfig

Ikijengwa salama na bado ikakataa kupakiwa, andika mokutil --sb-state. Secure Boot ikiwa imewashwa, kerneli haipokei moduli isiyo na sahihi inayotambulika. Kwenye Ubuntu, sajili ufunguo kwa sudo mokutil --import /var/lib/shim-signed/mok/MOK.der, weka nenosiri la muda, kisha washa upya. Skrini ya buluu itatokea na kuhesabu sekunde 10. Bonyeza kitufe chochote na uchague Enroll MOK. Sekunde zikikupita, ombi linafutwa na itabidi uanze tena. Nenosiri liwe la herufi na tarakimu za kawaida, maana hapo kibodi huenda isifuate mpangilio wako. Baada ya hapo rudia vboxconfig.

Ule ujumbe wa pili unatokana na kerneli 6.12 na kuendelea. KVM sasa huishika VT-x, uwezo wa prosesa wa kuendesha mashine pepe, mara tu moduli yake inapopakiwa, hata kama hakuna mashine inayoendeshwa. Kwa leo inatosha sudo modprobe -r kvm_intel. Kwenye AMD ni kvm_amd. Kwa kudumu, ongeza kvm.enable_virt_at_load=0 kwenye GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT ndani ya /etc/default/grub, kisha sudo update-grub. Usiifungie moduli ya kvm moja kwa moja kama bado unatumia virt-manager: kwa njia hii utazitumia zote mbili, ila si kwa wakati mmoja.

SWALI: Kwenye Windows 11 mashine za VirtualBox zinakwenda polepole mno, na chini kuna picha ya kobe wa kijani.

JIBU: Kobe huyo anamaanisha Hyper-V, mfumo wa Windows wa mashine pepe, imeishika VT-x, na VirtualBox inapitia kwake. Kwenye Windows Security fungua Core isolation, zima Memory integrity, kisha kwenye dirisha la amri la msimamizi andika bcdedit /set hypervisorlaunchtype off na uwashe upya. Kama unatumia WSL 2 (Linux ndani ya Windows), usifanye hivyo: haiwezi kuwaka bila Hyper-V, na itabidi uchague kipi unakihitaji zaidi.